Tiba ya muziki wodi ya wajawazito, nyota 4 kati ya 5

Nililazwa huku Minnesota, Marekani, kwa presha ya mimba, na aliyewahi kulazwa wakati mtoto hajakomaa anajua vile mtu analala akisikiliza mashine ya mapigo ya mtoto, ikibadilika kidogo tu roho juu. Basi akaja dada na gitaa, kumbe ni mtaalamu wa tiba ya muziki, amesomea chuo kabisa na ana cheti.

Kwanza hakuimba, aliuliza kwetu tunasikiliza nini, nikamwambia taarab ya zamani, akaitafuta. Halafu anaanza kupiga kwa spidi ya pumzi yako ile ya wasiwasi, anapunguza polepole na wewe pumzi inamfuata bila kujilazimisha. Presha ilishushwa na dawa jamani, hilo lieleweke, ila ile hofu ilipungua nikapata usingizi.

Kilichoniliza ni pale aliporekodi moyo wa mtoto (tumboni unapiga kama 110 mpaka 160 kwa dakika) akauweka chini ya wimbo wa kubembeleza nilioimba mwenyewe kwa Kiswahili. Hii rekodi siuzi kwa hela yoyote.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu huduma ni mchana tu wakati hofu inakuja usiku, na hakuna anayekwambia kama ipo. Kwa hiyo dada zangu mkilazwa ulizeni manesi mapema, na Kiingereza kikisumbua omba mkalimani, hospitalini huku hulipii.