Barakoa ya vichujio viwili: nzuri, ila pigania saizi yako

Mwaka wa tisa huu napuliza vanishi Keko, Dar es Salaam. Kinga yangu ilikuwa barakoa ya kitambaa na pakiti ya maziwa jioni, kama tulivyorithishana mafundi. Kitambaa kinashika vumbi la msasa. Mvuke wa tina, kimiminika cha kuyeyushia vanishi, unapita kama hakipo. Na maziwa yanaenda tumboni wakati tina imeshaingia mapafuni.

Miezi minne iliyopita nilinunua Kariakoo barakoa ya mpira ya nusu uso, 58,000. Tazama vichujio: mstari wa kahawia, A2, ni mkaa unaonasa mvuke wa tina. Mweupe, P3, ni wa vumbi na matone. Mpulizaji anahitaji vyote viwili, vimeandikwa A2P3.

Muuzaji alinipa kubwa. "Chukua hiyo dada, zote sawa." Si sawa hata kidogo. Ziba vichujio kwa viganja uvute pumzi: mpira unatakiwa unywee usoni na ubaki hivyo. Kwangu hewa ilipenya kando ya pua, nikanusa tina kabla sijamaliza mlango mmoja wa kabati. Nilirudi mara mbili ndipo akaniagizia ndogo.

Karakana wananiita rubani. Mmoja akasema hiyo ni ya wajawazito. Mpwa wangu anayesoma uuguzi akamtolea utafiti wa Marekani wa 1999: wanaume na wanawake walivutishwa toluini, ambayo imo kwenye tina nyingi, ppm 50 (sehemu 50 katika kila sehemu milioni za hewa) kwa saa 3, huku damu ikipimwa LH, homoni ya tezi iliyo chini ya ubongo inayoamrisha korodani na ovari. Mabadiliko yalikuwa madogo, lakini yalionekana kwa wanaume, na kwa wanawake waliokuwa nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi. Kesho yake yule bwana akaniomba barakoa yangu aijaribu. Haikumtosha, ana taya kama shoka.

Kasoro: joto. Saa nane mchana jasho linajaa kidevuni hadi mpira unateleza. Na vichujio ukiviacha wazi usiku vinaendelea kunywa mvuke wa karakana, kwa hiyo navifungia kwenye kopo lenye mfuniko na kuvibadilisha mapema. Sisubiri kunusa.

Nyota nne. Ya tano namnyima muuzaji mpaka aweke ndogo dukani.