Mwaka mmoja na E6B, kikokotoo kisichojua betri

Nimenunua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, kwa ubahili wangu. Ya pili ni ya alumini, baada ya kutiwa adabu. Ile ya plastiki niliisahau juu ya dashibodi ya ndege iliyoegeshwa juani, nikaikuta imepinda kama kigae. Ikawa inazunguka kwa kukwama, na mstari wa nje hauonani tena na wa ndani. Kwa hiyo ninayoisifu na kuilaumu hapa ni ya alumini.

Kwa asiyeijua, ni rula ya kukokotolea ya marubani, iliyokunjwa ikawa sahani ya duara. Mgongoni ina kidirisha chenye ukungu kinachozunguka juu ya kibao cha kuchomoa, chenye mistari ya kasi na nyuzi. Mmarekani Philip Dalton aliibuni miaka ya 1930, na hilo jina lisilo na ladha ni namba tu iliyopewa na jeshi.

Upande wa hesabu unazoeleka haraka. Umekwenda maili 24 za bahari kwa dakika 16? Weka 24 ya nje juu ya 16 ya ndani, tazama mshale wa 60: unasoma 90. Hiyo ndiyo kasi yako, noti 90, yaani maili 90 za bahari kwa saa. Ila sahani haijui nukta ya desimali. Kwake 9, 90 na 900 ni kitu kimoja, kazi ya kujua ipi ni ipi ni yako. Vijistari navyo hubadilika thamani unapozunguka: hapa kimoja ni sehemu ya kumi, mbele kidogo ni nusu.

Kilichoniumbua mimi ni alama za mafuta. Galoni ya Marekani na galoni ya Uingereza zimechorwa jirani, kwa herufi ndogo kweli kweli. Nilikuwa nabadilisha galoni 20 za Marekani kuwa lita, nikashika alama ya jirani, nikaandika lita 91 badala ya 76. Mwalimu alitazama karatasi yangu, akanitazama mimi. "Kijana, hizo lita 15 za ziada umezichota wapi?" Tulikuwa darasani, nashukuru. Tangu siku hiyo nimepaka nukta nyekundu kwenye alama ninayoitumia, na namshauri kila mwenye sahani hii afanye hivyo kabla ya jambo lingine lolote.

Upande wa upepo ndio ulionifanya niipende. Chukua mfano huu: unataka kwenda kaskazini kamili, kasi yako hewani noti 100, upepo unatoka nyuzi 300 kwa noti 20. Zungusha kidirisha hadi 300 ikae chini ya alama ya juu, hesabu 20 kwenda juu kutoka kitovu, weka nukta kwa penseli. Rudisha 360, yaani kaskazini, juu, sukuma kibao hadi nukta ikalie mstari wa 100. Sasa nukta iko kushoto nyuzi 10, na kitovu kinasoma kama 88. Elekeza pua nyuzi 350, na ardhi utaipita kwa noti 88. Kishikwambi kinatoa jibu hilohilo kabla hujamaliza kupepesa, lakini hakikuonyeshi upepo ukikusukuma. Hapa unaiona nukta ikihama kwa macho yako. Ukimaliza, unafuta kwa kidole chenye mate.

Kasoro nyingine? Usiku, kwenye mwanga mwekundu, ile nukta yangu nyekundu inapotea kabisa. Hilo sikulifikiria. Tena kuizungusha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika usukani kunataka mazoezi, na penseli ikidondoka chini ya kiti ndiyo basi tena. Ifunge kwa kamba.

Rafiki yangu mwenye mashua aliiazima ajaribu kupiga hesabu za mkondo wa maji. Inawezekana, maana pembetatu ya mwendo wako na msukumo wa upepo au maji ni ileile. Kasi ya mashua ni ndogo mno kwa kibao, hivyo zidisha zote kwa kumi: noti 5 iwe 50, mkondo wa 2 uwe 20. Majibu yake ya kwanza yalikuwa kinyume kabisa, akasema kifaa kimeharibika. Kumbe upepo hutajwa kwa unakotoka, mkondo hutajwa kwa unakoelekea. Rubani na baharia wanaongea kinyumenyume bila kujua! Akageuza nyuzi 180, mambo yakanyooka.

Hiyo ni miezi miwili iliyopita. Sahani bado iko kwake, pembeni ya bikari na rula zake sambamba, na kila nikiuliza ananiambia bado anaizoea. Nimeagiza nyingine, ya alumini vilevile.