Spika na sabufa za sebuleni: hela iende wapi kwanza

Ingia duka lolote la vyombo vya muziki Kariakoo, sema unataka muziki wa kuzunguka sebule nzima, na utaletewa boksi lenye spika tano ndogo, sabufa moja yenye taa za rangi na kibandiko kinachotaja maelfu ya wati. Bei inavutia. Kijana wa dukani atakufungulia wimbo wenye besi nzito mpaka kioo cha kabati kitetemeke. Usitoe hela bado.

Filamu na muziki havitaki kitu kimoja. Filamu nyingi huwa na sauti ya chaneli 5.1: tatu mbele, mbili pembeni kuelekea nyuma, na ile .1 ni ya mishindo mizito peke yake. Nyimbo zetu, kuanzia taarabu hadi bongo fleva na singeli, karibu zote zimetengenezwa kwa chaneli mbili, kushoto na kulia, na rekodi nyingi za dansi la zamani ni chaneli moja tu. Ukizipiga kwenye spika tano, mashine ndiyo inayobuni cha kupeleka nyuma. Nyimbo za Dolby Atmos, mfumo wa sauti ya kuzunguka, zipo, na Apple Music ilianza kuzitoa mwaka 2021, ila ukirusha wimbo kutoka kwenye simu kwa bluetooth ya kawaida zinafika chaneli mbili tu.

Kwa hiyo anayenunua kwa ajili ya muziki aweke fungu kubwa kwenye spika mbili za mbele, kisha sabufa. Za nyuma zisubiri mwakani.

Kabla ya kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho, tumalizane na wati, maana hapo ndipo watu wanapigwa. Ile namba kubwa kwenye boksi mara nyingi ni PMPO, kipimo kisicho na kanuni inayokubalika popote; kila kiwanda hukokotoa kinavyopenda. Unachotafuta ni RMS, nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo. Isipoandikwa, kigeuze chombo usome kibandiko cha nyuma pale panapoandikwa kinakula umeme kiasi gani. Kikisema wati 80, hakuna muujiza utakaokifanya kitoe 5,000 mfululizo wakati LUKU yako inakipa 80. Marekani uongo huu ulikera mpaka mwaka 1974 serikali ikaweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani. Kwetu kinga ni macho yako.

Na wati zenyewe si kila kitu. Kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio linakitambua lakini halishangai. Spika yenye wepesi (sensitivity, yaani sauti inayoitoa kwa wati moja) wa desibeli 88, ukiiweka kando ya yenye 85, inatoa sauti ileile kwa nusu ya nguvu. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya spika za maana. Spika isiyo na karatasi hiyo, ipige mwenyewe uisikie.

Sasa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza naipa risiva ya chaneli 5.1, yaani amplifaya inayogawa sauti kwa spika zote, jozi ya spika za rafu zenye koni ya inchi 5 au 6, na sabufa yenye amplifaya yake ndani. Ni ghali kuliko boksi, lakini unanunua kidogokidogo, na kitu kimoja kikifa vingine vinabaki. Kwenye menyu ya risiva weka krosova kwenye hezi 80: chini ya hapo kazi ni ya sabufa, juu ya hapo ni ya spika, na sauti ya mwimbaji inatulia. Angalia pia omu, kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme. Risiva nyingi zinapenda spika za omu 6 au 8. Za omu 4 zinaichosha na kuipasha moto.

Kwa sebule ya mita 4 kwa 5, sabufa ya inchi 8 au 10 inatosha. Ya inchi 12 mwachie mwenye nyumba ya peke yake. Kwenye apatimenti, besi hupita ukutani hata pale sauti ya mwimbaji isipopita, na jirani atakujia. Zipo sabufa zilizozibwa kabisa na zipo zenye tundu la hewa. Zenye tundu hushuka chini zaidi na hupiga kwa nguvu. Zilizozibwa hukata besi haraka, na kwa singeli yenye mapigo ya mbio hilo lina maana kubwa, vinginevyo mapigo yanashikana na kuwa mngurumo mmoja.

Mahali pa kuiweka panashinda ukubwa wake. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8.6 hivi, refu kuliko sebule yenyewe, kwa hiyo linagonga ukuta na kurudi. Sehemu moja besi inajaa, nyingine inapotea. Kona huongeza besi, mara nyingi kupita kiasi. Fanya hivi: iweke sabufa pale unapokaa wewe, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha zunguka chumba ukiwa umeinama. Pale utakaposikia kila noti kwa usawa, ndipo pa kuihamishia. Watoto watacheka, waache wacheke.

Nafasi ya pili: jozi kubwa ya mtumba ya kusimama sakafuni pamoja na amplifaya ya stirio, bila sabufa. Kwa rumba na dansi, kwa maoni yangu, hapa ndipo hela yako inafanya kazi kubwa kuliko kote, ilimradi ukague. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, ya Marekani 120, na umeme wetu ni 230. Ukiichomeka bila transfoma ya kushusha, imekwisha. Spika nazo, fungua kitambaa cha mbele. Ukingo wa sponji unaoizunguka koni huoza kwa miaka. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwaruza, koili ya ndani imepinda au imeungua. Kisha sogeza sikio kwenye kila twita, kile kispika kidogo cha sauti kali, maana twita iliyokufa haijitangazi.

Ya tatu ni saundibaa, ile spika ndefu ya kukaa chini ya TV, yenye sabufa isiyo na waya. Inafaa kwa TV na kwa aliyepanga asiyetaka kutoboa kuta. Hakikisha ina HDMI ARC, tundu linalopokea sauti kutoka kwenye TV. Kwa muziki, upana wa sauti unabanwa kwenye ule mti mmoja. Na hiyo sabufa "isiyo na waya" bado inataka soketi ya umeme.

Ya nne, sabufa zetu za kawaida za spika mbili au tatu. Wapenda muziki huzidharau, mimi siyo sana. Chagua yenye boksi la mbao, si plastiki, na yenye vitufe tofauti vya besi na trebo ili uweze kuipunguza besi.

Ya mwisho kabisa ni lile boksi la spika tano la bei chee. Vispika vya inchi 3 havifiki hata besi ya kati, kwa hiyo sabufa inalazimika kuimba mpaka sauti za wanaume, na unamsikia mwimbaji akitokea chini ya meza. Plagi zake mara nyingi ni za kampuni hiyo tu. Kikifa kimoja, fundi anakosa pa kuanzia.

Waya usikuchanganye. Nunua wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule ambao fundi umeme anautumia kwenye taa. Ukwangue kwa wembe: ukitoa weupe ndani, ni alumini iliyofunikwa kwa shaba juu tu. Kwenye chumba chenye vigae na kuta tupu, zulia na pazia zito vitakusaidia kuliko kubadilisha spika.

Siku ukizifikia spika za nyuma, usizipachike kwenye kona za ukuta wa nyuma kama wengi wanavyofanya. Ziweke pembeni yako, zikirudi nyuma kidogo, nyuzi 110 hivi ukihesabu kutoka mbele, juu kidogo ya masikio. Za mbele zikae nyuzi 30 kila upande. Halafu piga wimbo unaoujua vizuri, zima za nyuma, ziwashe tena. Usiposikia tofauti unayoipenda, ziache zizimwe mpaka siku ya filamu.