Ofisi ya kuandaa nyaraka za kuhamia Kanada niliyoilipa Kampala: uzoefu wangu

Nianze na hukumu. Kwa kuskani, kupanga karatasi na kuyapa mafaili majina yanayoeleweka, hawa jamaa wako vizuri. Kwa barua za waajiri za kuthibitisha kazi uliyofanya, usiwaachie hata sentensi moja.

Mimi ni mtaalamu wa maabara, nina digrii moja na miaka 34. Mpango wa Kanada wa wafanyakazi wenye ujuzi unataka angalau pointi 67 kati ya 100. Digrii yangu inaleta 21, umri 12, Kiingereza cha kiwango cha CLB 8 (kipimo cha lugha cha Kanada) katika sehemu zote nne kinaleta 20. Hapo ni 53. Uzoefu wa miaka sita au zaidi una pointi 15, jumla 68, nimepita. Ila miaka sita hiyo inapatikana tu nikihesabu minne niliyofanya Arua. Ukiiondoa, nabaki na miwili ya Kampala yenye pointi 11, jumla 64, niko nje. Kwa hiyo safari yangu yote ilitegemea karatasi moja kutoka kliniki ndogo ya West Nile.

Ofisini walianza vizuri. Malipo ya kwanza nilipewa risiti, na dada wa mapokezi alinionyesha mapema kwamba jina la pili kwenye cheti changu cha UNEB, baraza la mitihani, limeandikwa tofauti na kitambulisho changu cha taifa cha NIRA, herufi moja tu. Alinielekeza nikale kiapo kwa kamishna wa viapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Kwa hilo nawashukuru, maana sisi wengi majina yetu yaliandikwa na walimu kwa namna walivyoyasikia.

Shida ilikuja kwenye barua. Msimamizi wangu wa zamani alikuwa ameniandikia kwamba mimi ni mtiifu, mcha Mungu na napatana na wenzangu. Barua ya namna hiyo ingenipatia kazi Gulu kesho asubuhi. Kanada hawaulizi tabia. Wanataka karatasi yenye nembo, anwani na simu ya mwajiri, cheo chako, tarehe ya kuanza na ya kuacha, majukumu, saa za kazi kwa wiki, mshahara wa mwaka pamoja na marupurupu, na sahihi ya bosi.

Suluhisho la ofisi lilikuwa barua iliyochapwa tayari. Majukumu yote yalinakiliwa neno kwa neno kutoka orodha ya kazi ya Kanada, NOC, namba 32120. "Mpelekee bosi wako wa zamani akagonge muhuri tu," kijana wa ofisini akaniambia. Afisa wa uhamiaji anayesoma maombi anaijua orodha ile kuliko sisi, na barua inayoimba maneno yake mwenyewe itamtia shaka. Halafu kijana yule akapendekeza tuongeze mwaka mmoja "kwa usalama". Usalama wa nani? Adhabu ya kudanganya kwenye maombi ya Kanada ni kufungiwa miaka mitano, na anayefungiwa ni mimi, si yeye. Nilipomwomba namba yake ya leseni alisema wao si washauri, wanaandaa nyaraka tu. Sheria ya Kanada inataka anayelipwa kukushauri awe mwanasheria au mshauri aliyesajiliwa, na rejista ya washauri iko wazi mtandaoni. Tafuta jina kabla hujatoa pesa.

Basi nikapanda basi la usiku kwenda Arua, karibu kilomita 500, nikakaa na msimamizi wangu. Alishangaa.

"Binti yangu, mshahara wako wao wanautakia nini?"

"Mzee, wanataka kujua ilikuwa ajira, si kujitolea. Kazi isiyolipwa hawaihesabu."

Akaelewa hapo hapo. Tukaandika kile nilichokifanya kweli: kusoma slaidi za malaria, kupima makohozi ya kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert, kulinganisha damu kabla mgonjwa hajaongezewa, kuandika rejista. Haikuwa ndefu, lakini ni kazi yangu, na akipigiwa simu ataijibu bila kubabaika.

Kuna karatasi nyingine ambayo ofisi haikuitaja kabisa, na kwangu ndiyo yenye nguvu kuliko muhuri wowote: taarifa ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwajiri anakuchangia asilimia 10, wewe 5, mwezi kwa mwezi, na jina lake linaonekana. Kama kampuni yako ya zamani imefungwa, anzia hapo, uongeze mkataba na slipu za mshahara.

Benki nako, kwenye barua ya kuonyesha una pesa, simama imara. Barua ya kawaida inataja salio tu, wakati Kanada wanataka pia tarehe akaunti ilipofunguliwa, wastani wa salio wa miezi sita na madeni yako. Shamba la Koboko halihesabiwi, wala pesa ya kukopa. Cheti cha tabia njema cha Interpol hakikunisumbua.

Kwa huduma nzima nawapa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za dada wa mapokezi. Ukitaka kuwatumia, lipia kuskani na kupanga peke yake, na waambie mapema kwamba barua utaleta mwenyewe.

Kupita pointi 67 kunakuingiza tu kwenye kundi la wanaosubiri, ambako mnashindanishwa upya kwa pointi nyingine. Barua hazipakiwi mpaka upate mwaliko, na ukiupata una siku 60. Mimi zangu ziko tayari. Ninachokiangalia sasa ni cheti cha Kiingereza, maana kinadumu miaka miwili tu.