Kiwanja cha karatasi ya sheha au kilichosajiliwa?

Ukitafuta kiwanja Unguja utaonyeshwa vya aina mbili. Cha kwanza kina karatasi ya mauziano: majina, bei, dole gumba la muuzaji, mashahidi, muhuri wa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa. Ni nafuu, na mambo humalizika siku moja. Cha pili kimepimwa, kina bikoni (alama za mpaka) na namba, na jina la mwenyewe limo kwenye usajili wa ardhi. Hicho ghali, na kinataka subira.

Mimi nasema jikaze ununue cha pili. Muhuri wa sheha unaonyesha kwamba mmeuziana mbele yake. Hauonyeshi kwamba muuzaji ana haki ya kuuza. Karatasi ya shangazi yangu nimeishika mwenyewe: imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, wino umefifia. Aliuziwa na kaka mkubwa wa familia moja. Mwaka wa tatu wakaja dada wawili wa huyo muuzaji kudai fungu lao la mirathi, na minazi miwili pale kumbe ya jirani. Kwetu mti na ardhi huweza kuwa na wenyewe tofauti, kwa hiyo uliza mapema.

Jengine: kwa Sheria Namba 12 ya 1992 ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na unachonunua ni haki ya matumizi. Na zile eka tatu tatu ambazo serikali iliwagaia wakulima baada ya Mapinduzi ya 1964 hazikutolewa ziuzwe.

Pesa zikitosha karatasi tu, basi warithi wote watie saini, na mpaka muuzunguke pamoja na majirani kabla hujatoa hata shilingi.