Kitochi na kijitabu cha mfukoni: nimetembea navyo miezi 7, haya ndo niliyoyaona

Niseme mapema kabisa, hii simu haina vitu. Haina Instagram, haina TikTok, haina WhatsApp, ramani hamna, kamera ipo ila picha zinatoka kama zimepigwa ndani ya ukungu. Na bado nasema ndo kifaa kilichonisaidia kuandika kuliko chochote nilichowahi kununua, kompyuta ikiwemo.

Mimi naandika hadithi fupi. Kwa karibu miaka 2 nilikuwa naanza hadithi inanifia njiani, naanza nyingine nayo hivyohivyo, nikawa najiambia sina muda. Siku moja nikafungua ile sehemu ya simu inayokuonyesha umeitumia muda gani nikakuta masaa 5 na kidogo kwa siku. Nilikaa kimya aisee. Ila kilichoniuma zaidi sio hesabu yenyewe, ni pale masaa hayo yalipokuwa yamekaa. Hayakuwa bonge moja ambalo unaweza kusema hapa ningeandika, yalikuwa dakika mbili kwenye foleni, dakika nne nasubiri maji yachemke, dakika kumi natembea kwenda kituoni huku shingo imeinama kwenye kioo, na mimi nikikumbuka zile hadithi zangu za zamani ambazo nazipenda mpaka leo, zote zilinijia kwenye dakika za namna hiyo, hamna hata moja iliyonijia nimekaa mezani nikiikodolea macho karatasi.

Basi nikanunua kitochi. Kampuni sitaitaja, hivi vya batani vingi vinafanana. Chaji kwangu inakaa siku 6 mpaka 7, na mimi napiga simu kawaida tu. Tochi ni kali kweli. Redio inashika vizuri ila lazima uchomeke hedifoni hata kama unasikiliza kwa spika, maana ule waya ndo antena yenyewe. Imeshaanguka mara nyingi, betri huku mfuniko kule, unaokota unarudishia inawaka.

Kuandika meseji ndo utaisikia. Batani moja ina herufi tatu au nne kwahiyo ukitaka S unabonyeza 7 mara nne, neno "sasa" peke yake ni kubonyeza mara kumi. Afu kuna maneno kama "mno", herufi zote tatu ziko kwenye namba 6, unabonyeza unasubiri, unabonyeza unasubiri tena. Wiki ya kwanza nilikasirika. Baadaye nikaona meseji zangu zimekuwa fupi na zimenyooka, na jambo likiwa refu napiga simu, watu niliokuwa nachati nao mwaka mzima bila kusikia sauti zao sahivi tunaongea. Hili sikulitegemea na nalipenda sana.

Najua kuna atakayeuliza, si uzime data tu kwenye simu janja yako? Nilijaribu. Nilizima data, nilifuta programu, nilijiwekea muda maalumu wa kuingia mtandaoni, na kila mara kurudi kulikuwa kunachukua sekunde tatu, kidole kinajua njia kuliko mimi. Na hapa inabidi tuelewe hivi vitu vimetengenezwaje. Zamani ukifika mwisho wa ukurasa ulikuwa unabonyeza ili uende unaofuata, na pale kwenye kubonyeza ndo ulikuwa unapata nafasi ya kujiuliza hivi naendelea au naacha. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, akaja na ule mtindo wa ukurasa usioisha, unashuka tu na vitu vinazidi kuja, na mwenyewe baadaye amesema hadharani kwamba anajutia. Sasa kitochi kina mwisho kila mahali. Umesoma meseji zako tatu zimeisha, hamna cha kushuka, unairudisha mfukoni unabaki na kichwa chako.

Kubaki na kichwa chako siku za mwanzo ni kugumu, nisikudanganye. Siku kama kumi hivi mkono ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe, natoa kitochi nakiangalia saa ngapi narudisha, baada ya dakika natoa tena. Nilikuwa natembea nasikia uchovu wa ajabu, kila kitu kinaboa. Ilikuwa kwenye siku ya kumi na mbili au kumi na tatu nikiwa natembea jioni nikajikuta namwangalia mwanamke amebeba mlango mgongoni, mlango mzima wa mbao, anavuka barabara taratibu, na kabla sijafika kona nilikuwa nimeshajua anaupeleka wapi, nani aliuvunja na kwanini anaubeba mwenyewe. Sio kweli bila shaka, nilitunga. Lakini nilikuwa sijatunga kitu bila kujilazimisha kwa muda mrefu mno, machozi yalinilenga palepale barabarani.

Kutembea kwenyewe kuna kazi yake na sio hisia zangu tu. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, walichapisha utafiti wa watu 176 waliopewa mazoezi kama kutaja matumizi mapya ya kitu cha kawaida, wakiwa wamekaa na wakiwa wanatembea. Kwa wastani ubunifu ulipanda kama asilimia 60 mtu akiwa anatembea. Kilichonishangaza ni kwamba hata waliotembea ndani kwenye ile mashine ya mazoezi, mbele yao ukuta mtupu, nao walifanya vizuri, kwahiyo usisubiri upate bustani nzuri ndo uanze, na hata baada ya kukaa chini mtu alikuwa bado anaendelea kuwa vizuri kwa muda. Lakini kwenye maswali yenye jibu moja tu sahihi kutembea hakukusaidia, matokeo yalishuka kidogo. Mimi hapo ndo nilijifunza kugawa kazi. Mawazo mabichi nayatafuta kwa miguu, kurekebisha sentensi nakaa mezani mlango umefungwa. Zamani nilikuwa nafanya kinyume, nakaa kusubiri wazo afu natembea huku nahariri kichwani, vyote vinaharibika.

Kijitabu ni nusu ya hii rivyu na kisipokuwepo kitochi peke yake hakitoshi, maana ukiondoa simu janja umeondoa na sehemu ya kuandikia. Wazo la kutembea linakuja haraka na linaondoka haraka. Kuna kisa nakipenda cha mwanahisabati William Rowan Hamilton, tarehe 16 Oktoba 1843 alikuwa anatembea na mke wake kando ya mfereji wa Royal Canal kule Dublin, tatizo lililomsumbua miaka likafunguka ghafla, akachomoa kijitabu akaandika palepale, na moyo haukutulia akatoa kisu akachonga ile fomula kwenye jiwe la daraja. Mchongo wa kwenye jiwe ulishafutika, leo pale pana kibao tu cha kumbukumbu. Mimi nachukua ushauri wa kijitabu. Changu kinaenea kiganjani, karatasi hazina mistari, jalada gumu ili niandike nimesimama bila kutafuta ukuta wa kuegemea, na naandika kwa penseli kwasababu kalamu ya wino jasho la mkono na mvua vinaimaliza.

Safari nayo. Nilienda na kitochi safari ya siku 9, na nilichagua mji mmoja mdogo nikakaa hapohapo badala ya kuruka miji minne. Nilikuwa nimesoma kuhusu utafiti wa 2009 wa William Maddux na Adam Galinsky, walikuta kuishi nchi ya kigeni kunaendana na ubunifu, ila kupita tu kama mtalii hawakuona kitu hicho. Siku 9 sio kuishi, najua, ila nilitaka angalau nisipite. Bila ramani ilibidi niulize njia kila siku, na kila aliyenielekeza kwenda sokoni alisema nyoosha mpaka kwenye mti mkubwa afu kata kulia. Nilinyoosha, mti hamna. Nikauliza tena, mti mkubwa. Siku ya tatu fundi saa mmoja mzee sana akacheka akaniambia mwanangu ule mti ulikatwa zamani, na watoto waliozaliwa baada ya kukatwa nao wanaelekeza watu kwa mti huohuo. Nikamwambia shikamoo mzee, marahaba, nikakaa kwenye benchi lake nikaandika kurasa sita. Hiyo ndo hadithi ya kwanza niliyoimaliza baada ya ile miaka 2. Ramani ya simu ingenipeleka sokoni kwa dakika saba bila kuujua huo mti maisha yangu yote.

Na picha sikupiga, kamera yenyewe nishaisema. Badala yake nilikuwa nachora vibaya vibaya na kuandika rangi, harufu, maneno ya watu, na nakwambia nikifungua zile kurasa leo naiona ile benchi vizuri kuliko mamia ya picha za safari zangu za nyuma ambazo hata sizifungui.

Huwa namfikiria Charles Darwin hapa, yule mwanasayansi wa mambo ya viumbe. Alisafiri na meli ya Beagle karibu miaka 5, 1831 mpaka 1836, baadaye akatulia nyumbani kwake Kent, akawa anazunguka kinjia kimoja tu wakiita Sandwalk, kila siku, miaka na miaka, anapanga vijiwe pale mwanzo na kila mzunguko anapiga kimoja teke ili asihesabu kichwani. Safari ilimpa vitu, kinjia kikampa nafasi ya kuvichambua. Na mimi nimechagua njia yangu moja, kama dakika 40, sibadilishi, kwasababu njia ikishazoeleka macho hayahangaiki na wazo linakaa.

Mabaya yake sasa, na yapo. Kwanza mtandao. Vitochi vingi vya bei rahisi ni 2G, ule mtandao wa simu wa zamani, na kuna nchi kampuni za simu zimeshazima 2G, Marekani AT&T walizima tangu mwanzoni mwa 2017, kwahiyo kabla hujanunua uliza kama yako ina 4G na inapiga simu kwa 4G, sio data tu. Pili, kuna huduma haziingiliki bila programu ya kwenye simu janja, zile zinazotuma namba ya siri kwa meseji zinafanya kazi vizuri, zinazotaka uidhinishe ndani ya programu hapana. Mimi simu janja yangu iko kwenye droo nyumbani, naiwasha Jumamosi nafanya hayo mambo, naangalia mitandao lisaa limoja, naizima. Tatu, utapitwa. Mialiko miwili ilitumwa kwenye magrupu sikuiona, rafiki yangu mmoja alihuzunika kweli na ilibidi niende kwake kwa miguu kuomba radhi. Nne, batani ya 5 ilianza kukwama mwezi wa nne, na J, K, L zote ziko hapo, fikiria kuandika Kiswahili bila K. Fundi aliisafisha ikarudi sawa.

Kama kazi yako inakutaka mtandaoni muda wote, au una mgonjwa na familia inawasiliana kwa grupu, usijiumize, baki na simu janja na uiache nyumbani ukienda kutembea hata nusu saa. Nusu saa hiyo itoshe kwa kuanzia.

Nakipa nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa ajili ya ile batani na mambo ya mtandao. Hadithi nilizomaliza mpaka sasa ni 5, kijitabu ni cha tatu. Ukinunua kitochi nunua na kijitabu siku hiyohiyo, na penseli mbili, moja uifunge kwa uzi kwenye jalada maana zinadondoka ukiwa unatembea na huwa unagundua wakati wazo limeshafika.