TAHADHARI: Fundi anayetoboa nozeli za majiko ya gesi Kariakoo

Jamani, mwenye jiko la gesi la kuchomea nyama alilokuja nalo kutoka Marekani, asimpe yule fundi wa maduka ya vifaa vya gesi nyuma ya Msimbazi anayejiita mtaalamu wa majiko ya nje. Huyo si fundi, ni mwizi, na nusura atuunguzie watu.

Mimi mwenyewe ninalo jiko la namna hiyo, lilikaa bandarini mpaka tukalikatia tamaa. Nilimpelekea pamoja na mtungi wangu wa kilo 15. Akaishika ile nati kubwa nyeusi ya plastiki iliyo mwisho wa mpira, akaijaribisha kwenye mtungi, ikagoma. Akaniangalia kwa huruma kama daktari mwenye majibu mabaya. "Dada, hili ni la propeni tupu. Gesi ya huku imechanganywa na buteni, nguvu yake ndogo. Hapa lazima tupanue matundu."

Sasa niambieni, mtu anakutajia propeni na buteni, zile gesi mbili zinazojazwa mitungini, bila kubabaika, utamtilia shaka vipi? Na gesi yetu kweli ni mchanganyiko, hilo hakudanganya, na hapo ndipo aliponikamata. Akazifungua nozeli, vile vipande vidogo vyenye tundu la kupitishia gesi kwenye jiko, moja moja, akazipanga juu ya gazeti, akachukua drili yenye biti nyembamba akazitoboa zote. Nikamwuliza, "Kaka, una hakika?" Akatabasamu. "Dada, mimi nawafungia hadi mabalozi wa Masaki." Kisha akatoa regulata, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi kinachokaa kwenye mtungi, nyekundu yenye kishikio cha kuzungusha juu, boksi limeandikwa Italia, akaifunga, akafungua gesi kidogo sana. Moto ukatoka mfupi, wa bluu safi. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio yote, akaniita niiname nitazame mwenyewe kama kuna kiputo. Hakikuwepo hata kimoja. Mafundi wangapi mnaowajua wanafanya kipimo cha sabuni mbele ya mteja? Tena aliyenielekeza kwake ni dereva wa kaka, ambaye hajawahi kutuletea mtu wa ovyo.

Nikalipa laki mbili na nusu. Laki mbili na nusu!

Jumapili wakwe wamekaa, mbuzi ameshakolea viungo, shemeji akafungua gesi kama tunavyofungua siku zote. Moto ukapanda wa manjano, ukapita juu ya mfuniko, ukamchoma vinyweleo vya mkono wote. Vishikio vya plastiki vya kuwashia vikaanza kulainika. Masizi yakajaa kwenye nyama, kwenye ukuta, hadi kwenye dari ya baraza. Mungu ampe maisha marefu shemeji, alirukia mtungi akafunga valvu. Watoto walikuwa wanacheza palepale. Aibu niliyoiona mbele ya mama mkwe siwezi kuieleza.

Nilipompigia fundi akaniambia, "Mmefungua gesi nyingi." Baada ya hapo simu haipokelewi.

Fundi mwingine, anayehudumia majiko ya mahotelini, alipoiona ile regulata akashika kichwa. Ni ya presha kubwa, ya yale majiko makubwa ya mama lishe. Jiko la propeni la Marekani linatumia presha ndogo, inchi 11 za maji kwa kipimo cha presha cha Kimarekani, ambayo ni kama milibari 28. Regulata ya kawaida ya jiko la nyumbani hutoa milibari 28 hadi 30. Yaani kilichotakiwa ni kuondoa mpira wa Kimarekani na regulata yake, kuweka regulata ya kawaida inayokaa kwenye valvu ya mtungi wako, mpira mpya wa gesi na vibano vyake, basi. Nozeli hazikuhitaji kuguswa, na tundu likishapanuliwa ndiyo limeharibika, hadi ununue nozeli nyingine. Hata mwenye jiko la gesi asilia, ile ya bomba, akitaka kulihamishia kwenye mtungi huwekewa nozeli zenye matundu madogo zaidi. Kwa hiyo atakayekushikia drili, chukua jiko lako uondoke.

Mengine niliyoyaona: risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakutoa, "mashine imeisha chaji." Namba ya kulipia ilitoka jina la mtu mwingine. Na regulata yenyewe, boksi lina maandishi mengi lakini mwilini hakuna hata presha iliyochapwa.

Huyu kurudisha pesa peke yake sikubali. TBS, Shirika la Viwango, waje waikague hiyo regulata, Tume ya Ushindani wabebe yale maboksi yake yote, na yeye mwenyewe akalale ndani. Akiunguza familia ya mtu usiku nani atajibu? Aliyefungiwa jiko na huyu mtu anitafute inboksi, twende polisi pamoja tukiwa wengi. Na jiko lako usiliwashe hata kwa kujaribu. Funga valvu, ondoa hiyo regulata nyekundu leo, uitunze kama ushahidi.